Washenga Waliopitishwa Nyuma

Siku washenga walipokuja kuniposa, nilikuwa nimefungiwa chumbani, nyumbani kwetu Majengo. Desturi yetu ni kwamba binti hatoki mpaka aitwe. Mchumba wangu ni wa Ugalla, kwa wafuga nyuki. Mama hakuwahi kuwaona watu wake, lakini kichwani alishawavisha suti na viatu vya kung'aa.

Na kweli akapiga hodi bwana mmoja wa suti. Baba akamkalisha kwenye kochi, soda ikaletwa, kuku akaandaliwa. Kupitia ukutani nilimsikia mgeni akisifia betri za sola: zinadumu, hazisumbui, zinataka tu nyumba yenye jua. Kumbe ni muuzaji wa sola tu, maskini. Baba, akidhani ndiyo mafumbo ya ushenga, akamjibu kwa heshima kwamba nyumba yetu ina jua la kutosha.

Kabla kuku hajaiva, wazee wawili wakaegesha pikipiki nje. Mabuti ya mvua, makoti yananuka moshi, ndoo ya asali mkononi.

"Nyie wa asali zungukeni nyuma," mama akawaambia. "Leo tuna wageni."

Wakazunguka na ndoo yao. Nikachungulia uani kwenye pazia, nikaona mmoja wao ana pua ileile ya mchumba wangu. Kumbe washenga wenyewe ndio hawa! Mama alishafunua ndoo, akachovya kidole, akalamba, sasa analalamika kuwa asali ina moshi na bei ishuke. Wazee wakatazamana. Nilijua wakiipanda tena ile pikipiki, ndoa yangu imeondoka nao.

Desturi nikaiacha chumbani. Nikatoka na khanga ya kushindia, nywele zimesukwa nusu, nikapiga magoti vumbini.

"Shikamoo baba. Karibuni, nilikuwa nawasubiri."

Mama akabaki na kidole mdomoni. Nilitamani ardhi inimeze. Mzee mwenye ile pua akanitazama, akamtazama mama, kisha akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mama, tulikuja na maneno mengi ya kuomba," akasema. "Ila kwetu, mama wa binti akishaonja asali ya posa, amekubali. Wewe umeonja hata hatujaketi."

Nikacheka huku nalia. Mama, ambaye hajawahi kukubali kushindwa na mtu, alimkazia macho yule mzee, akachovya tena.