Bibi Aliyetaka Ahueni Kidogo

Juzi nilikaa kwenye benchi la hospitali mjini Moshi, karibu na bibi mmoja wa Uru aliyeteguka mkono wa kulia. Mkwewe, niliyemfundisha darasa la tatu, alipakata chupa ya mtori, ile supu nzito ya ndizi. Tangu bibi aumie, mkwe ndiye anayemkatia ng'ombe majani, na mtori wa nyama haukosekani hata siku moja.

Nesi kijana akatokea na faili. "Shikamoo, bibi. Ume-recover?"

Bibi akanigeukia. "Mwalimu, anasemaje huyu?"

"Anauliza kama umepona."

Akaukumbatia mkono wake. "Aa, hapana. Hilo neno halina maana nyingine?"

"Linazo. Kurudiwa na nguvu."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

"Kupata nafuu?"

Akamtazama mkwewe kwa pembeni. "Nafuu inakaa siku ngapi kabla ya kupona?"

"Basi kupata ahueni," nikasema taratibu, kama ninayemsubiri mtoto anayesoma kwa kidole.

"Hapo sawa! Andika ahueni, mjukuu wangu. Ongeza na 'kidogo'."

Nesi akaandika. Bibi, kwa furaha, akaichukua ile chupa, akakizungusha kifuniko kilichokazwa, akajimiminia mtori. Yote kwa mkono wa kulia.

Mkwe akamwacha anywe mpaka amalize.

"Mama," akasema kwa upole, "mundu nimeshaunoa. Kesho asubuhi tunakwenda wote kukata majani."

Wasomaji wangu, bibi nilimpa maneno yote niliyokuwa nayo. Nilisahau tu kumwambia atumie mkono wa kushoto.