Jina Nililoitikia Mimi

Jina la binti yangu sitaliandika hapa. Ni lake, na siku akitaka watu walijue atawaambia mwenyewe. Kwa sasa tumwite Fulani, na mimi niwe Mama Fulani, kama nilivyoitwa kijijini Mnyambe tangu wiki niliyojifungua.

Nilifika Mnyambe nikiwa mwalimu mgeni kutoka Njombe, nikaolewa hapohapo, na nilipozaa tu, jina langu likabaki kwenye vyeti. Wanafunzi, wauza samaki, jirani anayeazima ungo, wote waliniita Mama Fulani. Bingwa wao alikuwa mama mkwe wangu. Aliniita kuanzia anapowasha moto hadi anapoufunika, hata nikiwa nimesimama hatua tatu mbele yake, na mimi nikiitika abee, abee, mpaka koo linakauka.

Fulani mwenyewe alikuwa hageuki akiitwa. Hilo tuliliona mapema, nisiseme uongo. Ila bibi yake alikuwa na jibu.

"Atageukaje, Mama Fulani? Kutwa anasikia jina hilo, na anayeitika ni wewe. Anajua ni la kwako."

Tulicheka. Nilicheka na mimi, na stashahada yangu ya ualimu.

Tulikuwa na jibu la kila kitu. Hatazami mtu machoni? Ana haya, kamrithi baba yake. Miaka mitatu na nusu hasemi? Baba yake mdogo naye alichelewa, na sasa hakuna wa kumnyamazisha. Msimu wa korosho, wakati watoto wenzake wanarushiana mabibo, yeye alikaa kwenye turubai akipanga korosho mstari mmoja mrefu, zote zimeelekea upande mmoja, na ukisogeza moja tu analia mpaka anapaliwa. Bibi yake aliita majirani waje waone. Alisema huyu ataajiriwa ghalani, kachambuzi ka namna hii hakajawahi kuzaliwa. Tulimpenda mno mtoto yule, na kila dalili tuliitafutia ndugu wa kufanana naye.

Kilichonikatiza kicheko ni barabara. Siku moja alitoka nje ya uzio akafuata njia ya Newala. Nilimwona mgongo. Nikamwita, nikamwita tena, nikapiga kelele, na yeye anatembea katikati ya barabara kama sipo duniani. Bodaboda ilikuja na abiria wawili, ikapiga breki, ikalala ubavu. Hakuna aliyeumia. Nilimbeba hadi nyumbani, na tangu hapo nilitaka kitu kimoja tu katika maisha yangu: nikimwita mwanangu ageuke. Asiposema, sawa. Ageuke tu.

Siku ya kliniki nilimweleza muuguzi anayepima uzito. Kliniki kwetu jina linaloitwa ni la mtoto, lakini anayeitika ni mama, ndivyo ilivyo. Muuguzi yule alishika kadi yetu akaniangalia.

"Leo usiitike. Kaa kimya kabisa."

Akasimama nyuma ya Fulani, akaita. Abee ilinifika kwenye meno nikaimeza. Akaita tena. Kina mama kwenye benchi wakawa wananitazama mimi, mmoja akanigusa bega akidhani sijasikia. Fulani alikuwa anazungusha kifuniko cha chupa. Kisha muuguzi akatoa pakiti ya karanga mfukoni, akaifinya kidogo tu, na mwanangu akageuka papo hapo.

"Masikio ni mazima," akasema polepole. "Mpeleke Masasi, akaonwe."

Nilikasirika, tena sana. Njia nzima nilimsema moyoni muuguzi wa watu, ambaye kosa lake lilikuwa kuona nisichotaka kukiona.

Masasi daktari alituuliza maswali karibu asubuhi nzima, akasema ni usonji. Akanieleza kwamba si ugonjwa wa kumeza dawa, wala si malezi mabaya, wala mkono wa mtu. Akatuelekeza kwa mwalimu mmoja wa elimu maalumu palepale mjini. Mwanamke mfupi, mcheshi. Alimwacha Fulani apange vijiti vyake, akaniuliza, "Jina lake linatajwa mara ngapi kwa siku pale nyumbani?"

"Halina idadi."

"Na katika hizo, anayeitwa ni yeye?"

Nilianza kuhesabu vidoleni, nikaacha. Alisisitiza kwamba hilo halikuleta usonji, nisije nikajitwisha lawama. Ila mtoto huyu anahitaji jina lake liwe wazi kama mlango: likitajwa, liwe lake. Niiname mbele yake, nilitaje mara moja, nimpe karanga mkononi. Na mimi niitwe kitu kingine.

Niliogopa kumwambia mama mkwe. Kumwita mkwe wako kwa jina tupu ni aibu kubwa kwao, na kumvua umama ni kubwa zaidi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akajifunga kanga, akatoka. Alipita nyumba kwa nyumba.

"Kuanzia leo huyu ni Mwalimu. Atakayemwita Mama Fulani, mimi na yeye."

Basi nikawa Mwalimu. Muuza samaki alihangaika wiki nzima: "Mama… Mama… aa, wewe Mama!" Aliyekosea kuliko wote ni mtunga sheria mwenyewe, na kila akikosea aliziba mdomo kwa kanga kama mtoto aliyeiba sukari. Miezi ikapita. Karanga zikaisha, tukanunua nyingine. Fulani alipokea mkononi, macho kwingine.

Halafu alasiri moja nikiwa nasonga ugali, bibi alirudi shamba amechoka, akajitupa barazani, mazoea yakamponyoka.

"Mama Fulani! Niletee maji!"

Niliacha mwiko, mdomo umeshafunguka. Fulani alikuwa ametupa mgongo, karibu na mlango, akipanga vijiti. Mkono wake ukasimama. Akageuka, akanyanyuka, akatembea hadi barazani, akasimama mbele ya bibi yake na kumfungulia kiganja.

Bibi hakuwa na karanga. Alinitazama, machozi yanamshuka, hajui la kufanya. Na mimi nilikuwa nalia. Sikuitika. Aliyeitwa alikuwa ameshafika.