Kuku wa Kumpimia Mjomba Presha

Niliporudi Kakamega kutoka huko nilikokuwa nikitangatanga, nilimkuta mjomba wangu amekatazwa kujikaza. Ini lake lilikuwa limejaa makovu, na fahali wake alikuwa na pambano na fahali mwingine Jumamosi.

Nikamsindikiza kliniki. Shule niliiacha mapema, lakini maswali sikuyaacha, kwa hiyo daktari alinieleza mimi zaidi kuliko mgonjwa. Alisema damu kutoka tumboni hupitia kwenye ini. Ini likiwa gumu, damu hutafuta vichochoro, kama trekta za miwa zinapokuta barabara ya Mumias imefungwa zikaingia njia za mashambani. Vichochoro vyenyewe ni mishipa myembamba ya kooni. Mtu akivuta kitu kizito, akakaza misuli na kubana pumzi, ni kama trekta zote zimeingia humo kwa pamoja. Mshipa ukipasuka, anaweza kufa. Kutembea polepole kunaruhusiwa.

Njiani mjomba hakulalamikia kifo. Alilalamikia kamba. Kwetu mwenye fahali humpeleka uwanjani mwenyewe kwa kamba, akicheza mbele yake ngoma za isukuti zikipigwa, na mikono ya mjomba ikiona kamba huivuta, hata iwe ya kuanikia nguo.

Dawa ilitoka kwa mkewe. Asubuhi ya Jumamosi alimpachika mjomba kuku mwekundu kwapani na kumwambia amshike kwa mikono yote miwili. Akijikaza, kuku atapiga kelele.

"Watu wataniona vipi?" mjomba akauliza.

"Watakuona hai."

Kamba nikaishika mimi. Ngoma zilifuata mwendo wa mjomba, polepole mno, mpaka mama mmoja barabarani akavua kilemba na kuuliza nani amefariki.

Fahali walipofungana pembe, shingo ya mjomba ilivimba na kuku akalia. Nikamwambia, "Mjomba, kuku." Akashusha pumzi. Punde kuku akalia tena. Upande wetu wote ukaacha kutazama fahali, ukawa unasikiliza kuku, na mzee mmoja asiyetujua akawa anasema, "Legeza, ndugu yangu, legeza."

Kisha fahali wetu akaanza kurudi nyuma. Mjomba akasimama kwa vidole vya miguu, mabega yakapanda, kuku akatoa macho bila sauti. Nilidhani tumewapoteza wote wawili. Lakini mjomba akafumba macho, akakaa chini kwenye nyasi, akaanza kumpapasa kuku mgongoni. Ndiyo maana hakuona fahali wetu akigeuka na kutimka kuelekea kwenye miwa.

Tuliporudi nyumbani, mkewe alikuwa langoni. Nikamwambia fahali amekimbia, bado anatafutwa.

"Sijauliza habari za ng'ombe," akasema.

Mjomba akamkabidhi kuku. Mkewe akamgeuza, akamkagua mbawa, akamweka chini, na kuku akaenda zake akiyumba. Jikoni kulikuwa na sufuria ya maji ya moto aliyoyachemsha ili kumnyonyoa kuku manyoya iwapo angerudi amekufa. Akayatia majani, akatupikia chai.