Tulivyokwenda Kumposea Mdogo Wangu Timu

Waliokuwepo siku ile ni hawa: mimi, mdogo wangu wa kiume, ambaye ndiye aliyekuwa na shida, mdogo wangu wa kike, mwanafunzi wa chuo kikuu, baba mkubwa na mkewe, ambao si ndugu zetu wa damu lakini walisimama nasi katika misiba yetu yote miwili, na rafiki yangu wa kazini, mama wa Kikenya, aliyetupeleka kwa gari lake kwa sababu langu lilikuwa gereji. Upande wa pili wa meza walikuwa wawili tu: mkurugenzi wa michezo wa shule, mama wa makamo mwenye miwani ya kuning'inia shingoni, na kocha wa timu. Sita kwa wawili. Walikuwa wametuandalia viti viwili, ikabidi kocha aende darasa la jirani kutafuta vingine.

Barua pepe ya shule ilisema aje mwanafunzi na mlezi wake. Niliisoma kwa sauti nyumbani kwa baba mkubwa, naye akacheka.

"Mwende wawili kama mnakwenda kulipa bili ya umeme?" alisema. "Wewe binti, baba huna, mama huna. Mkienda wawili watasema hawa hawana watu. Tutakwenda."

Mama mkubwa aliamka alfajiri kupika vitumbua. Akavipanga kwenye kapu, na juu yake akaweka kitenge kipya cha kumpa mkurugenzi. Aliyekulia kwetu angetuona tukishuka kwenye gari angejua mara moja: hawa wanakwenda kuposa. Baba mkubwa ndiye aliyekuwa mshenga. Alivaa suti nzima mwezi wa nane, na jasho lilikuwa linamtiririka hata kabla hatujaingia ndani.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Mdogo wangu anacheza futiboli ya Kimarekani, ile ya helmeti na mabega ya plastiki. Kazi yake ni kukimbia pembeni mwa uwanja na kudaka mpira uliorushwa kutoka mbali. Alianzia shule ya Anoka, mji ulio nje ya jiji, tulikoishi tangu wazazi wakiwa hai, na baada ya Krismasi akahamia shule ya jijini, Minneapolis. Sheria ya michezo inasema mwanafunzi akibadilisha shule bila familia yake kuhama, asiichezee timu kubwa kwa mwaka mzima. Anaweza kufanya nayo mazoezi. Anaweza kuchezea timu ndogo. Lakini Ijumaa jioni, taa zinapowashwa na watu wanapojaa, atakaa pembeni na nguo zake za kawaida. Familia ikihama yote, hakuna neno, anacheza kama aliyezaliwa pale. Kwa hiyo swali la siku ile lilikuwa moja tu. Sisi tulikuwa tumehama, au hatukuhama?

Mimi ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee huko Anoka, zamu ya jioni. Niliacha shule nikiwa darasa la kumi na moja, mwaka ambao mama alimfuata baba, na tangu hapo kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Narudi nyumbani wenzangu wamelala. Mdogo wangu wa kike alipokuwa bado nasi hapakuwa na tatizo. Yeye alipika, akasimamia kazi za shule, wakagombana, wakalala. Alipoanza chuo akapanga Cedar, mtaa wa jijini Minneapolis, kwenye yale maghorofa yaliyo karibu na treni, na kijana akabaki peke yake kila jioni. Nilikuwa nikirudi nakuta bakuli la nafaka na maziwa kwenye sinki, na taa za nyumba nzima zinawaka, hata ya chooni, hata ya kabati. Hakuwahi kusema anaogopa. Mimi pia sikumwuliza. Niliamua tu aende kwa dada yake.

Tulipeleka Cedar vitanda vyao, sufuria zote, televisheni, na picha ya wazazi. Kitanda changu kilibaki Anoka, kwa sababu mkataba wa nyumba ulikuwa bado haujaisha na kutoka pale hadi kazini ni kutupa jiwe. Siku za kazi nalala Anoka. Siku za mapumziko nalala Cedar, kwenye sofa.

Na niseme hili pia: shule ya jijini ina timu nzuri, na mdogo wangu alilijua. Nilipomwambia atahama, alitabasamu haraka mno. Sikumchunguza. Kijana wa umri ule anaweza kumkumbuka dada yake na kuipenda timu kwa wakati mmoja.

Basi tukakaa. Mama mkubwa akalisogeza kapu mbele ya mkurugenzi. Mkurugenzi akashukuru vizuri, akasema haruhusiwi kupokea zawadi, akaweka mikono yake mapajani kana kwamba kapu lile lina moto. Mama mkubwa hakujua alipeleke wapi. Akalipakata mpaka mwisho wa mkutano, kama mtoto.

Rafiki yangu akaninong'oneza, "Weh! Hata chai hawatupei, na chakula yetu wanakataa. Leo tutakaa hapa."

Baba mkubwa akasimama. Hakuna aliyemwomba asimame. Kwa Kiingereza chake cha chuo alishukuru shule, akamshukuru kocha, akaeleza jinsi yeye na marehemu baba yetu walivyofika nchi hii kusoma, wakagawana koti moja la baridi. Mkurugenzi alisikiliza kwa adabu. Kisha baba mkubwa akaweka mkono kifuani.

"Familia hii imehama yote," alisema. "Na mimi ndiye niliyewaleta. Mimi ndiye niliyetaka kijana huyu acheze hapa. Kama kuna lawama, iwe yangu."

Kwetu hayo ni maneno mazito. Mtu mzima amejisimamisha mbele ya mtoto asiye na baba na kusema, huyu ana mwenyewe. Mama mkubwa alitikisa kichwa kukubali. Mimi machozi yalinilenga. Mkurugenzi akaweka kalamu mezani.

"Samahani," alisema. "Wewe si yule bwana anayechoma soseji kwenye mechi zetu?"

"Ndiye mimi!" baba mkubwa alijibu kwa furaha. Mwanawe wa mwisho alicheza pale zamani, na tangu hapo hajaacha kuchoma. "Kila Ijumaa!"

Kocha akafunika uso kwa mkono mmoja. Mdogo wangu alinikanyaga mguu chini ya meza, maana ndiye peke yake upande wetu aliyeelewa. Mkurugenzi akaeleza, bila ukali, kwamba mtu wa timu hana ruhusa ya kumshawishi mwanafunzi wa shule nyingine aje kuwachezea. Ikithibitika, mwanafunzi hachezi kabisa, hata timu ndogo, na timu yenyewe inaweza kuadhibiwa.

Baba mkubwa alinigeukia kwa Kiswahili. "Anasema nimefanya nini?"

"Anasema umemtorosha mtoto," rafiki yangu akajibu kabla yangu.

"Mimi? Nimemtorosha? Si mnasikia, nimekuja mchana kweupe na mke wangu na vitumbua!"

"Baba mkubwa," nikasema, "naomba niseme."

Mshenga haingiliwi, na wote wawili tulilijua hilo. "Sema," akasema, akaketi.

Nikaeleza. Nikasema mzee huyu anachukua lawama isiyo yake kwa sababu ndivyo wazee wetu wanavyompa mtoto heshima. Hakumleta. Nilimleta mimi. Nikasimulia lile bakuli kwenye sinki na zile taa. Nilikuwa sijawahi kuyasema hayo mbele ya mdogo wangu, na niliona masikio yake yakibadilika rangi. Mkurugenzi aliandika. Kisha akaniuliza swali ambalo tulikuwa tumelijia.

"Na wewe mlezi wake ulihama pamoja naye?"

Baba mkubwa aliinama sikioni kwangu. "Sema ndiyo. Sufuria zenu ziko wapi? Ziko Cedar. Basi mmehama."

Hakuwa ananifundisha uongo. Kwake yeye, nyumba ni pale watu wanapopakua chakula. Anayelala karibu na kazi ni mtu aliye kazini tu. Huenda hata mimi ningeapa hivyo mbele ya watu wa kwetu. Lakini mama huyu hakuwa ameuliza habari za sufuria. Na nilijua nikimdanganya hapo, lile nililotoka kusema kumwokoa baba mkubwa nalo halitakuwa na uzito.

"Hapana," nikasema. "Siku za kazi nalala Anoka. Kitanda changu kiko kule."

Mdogo wangu aliangalia meza. Mkurugenzi akamwuliza yeye sasa, alitaka kuhama kwa nini? Alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, bila kuinua macho: chakula cha jioni. Kisha akaongeza: na timu. Vyote viwili. Mkurugenzi alitabasamu kwa mara ya kwanza siku ile, lakini tabasamu halikubadilisha alichoandika.

Majibu yalikuja baada ya siku chache. Hakuna aliyemtorosha mtu. Timu ndogo, ruhusa. Timu kubwa, mpaka mwaka utimie, yaani wakati msimu umeshakwisha na uwanja umefunikwa na theluji.

Siku yenyewe ya mkutano, tulipotoka, tulisimama kwenye maegesho kando ya gari. Baba mkubwa alivua koti.

"Binti, umenivunja mbele ya watu," alisema.

"Nisamehe, baba mkubwa."

Alijifuta jasho. "Afadhali umenivunja wewe. Wale wangenivunja na kazi ya soseji wangeninyang'anya." Akamwambia mkewe, "Lete hilo kapu."

Tukala vitumbua juani, tumeegemea gari. Rafiki yangu alikishika kitenge akakipima kiunoni. "Huyu mama wa shule amekataa, sasa si nichukue mimi? Mimi sina sheria." Mama mkubwa akacheka mpaka akakaa chini, na kitenge kikaenda.

Mdogo wangu hakula. Rafiki yangu akawarudisha wazee kwa gari, nasi watatu tukapanda treni ya Cedar; humo kijana alikaa kiti cha mbele yangu, amenipa mgongo. Tulipokaribia kushuka alisema, kwa Kiingereza, bila kugeuka, kwamba ningeweza tu kusema ndiyo.

Kwa wiki nyingi niligombana na sheria ile kichwani, nikitandika vitanda vya wazee. Familia yenye pesa ingepanga nyumba ya pili jijini, ikahamisha kila kitu kwa ajili ya futiboli tu, na mtoto wao angecheza. Sisi tulihamisha mtoto apate mtu wa kula naye, tukakataliwa. Niliona hakuna haki hapo, na mpaka leo naona wangepaswa kuuliza jioni nani yuko nyumbani.

Timu ndogo hucheza Jumatatu alasiri, na Jumatatu ndiyo siku yangu ya mapumziko. Nilianza kwenda na kiti cha kukunja na chupa ya chai. Watazamaji ni wachache, unaweza kumsikia kila mchezaji akihema. Mama mmoja Mmarekani alikuwa anakuja kumtazama mwanawe mdogo. Siku ya upepo alinifunika nusu ya blanketi lake, tukazungumza, na nikajua kwamba mwanawe mkubwa yuko timu kubwa, mwaka wake wa mwisho, nafasi ileile ya mdogo wangu.

"Amekaa benchi misimu yote iliyopita," aliniambia. "Huyu wako ana mbio. Angeruhusiwa, wangu angekaa benchi tena." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Nilimmiminia chai ya tangawizi, akakohoa, akaomba nyingine. Tangu siku ile nilipunguza kugombana na sheria. Sikuipenda, lakini nilikuwa nimeona uso wa mtu ambaye ilimfaa.

Na nyumbani mambo yamekuwa mazuri. Ninapofika Cedar nakuta wawili hao wanabishana ni zamu ya nani kuosha vyombo, na taa inawaka moja tu, ya jikoni. Kijana amenenepa. Mwezi huu mkataba wa Anoka unakwisha, nami nitaleta kitanda changu.

Mechi ya mwisho ya timu ndogo alidaka mpira mmoja kwa mkono wa kushoto, karibu kabisa na mstari, na mimi na mama wa blanketi tukaruka hadi chai ikamwagika. Tukienda kituo cha treni nilimwambia mdogo wangu ninalo deni lake la msimu mmoja.

"Ijumaa zote," alisema, kwa Kiswahili, nikashangaa.

"Mwakani nitakuja Ijumaa zote."

"Hata nikiwa benchi?"

"Hata ukiwa benchi."

Nimekwisha kumwomba msimamizi wangu anibadilishie zamu za Ijumaa. Bado hajajibu, na nitaendelea kumwomba mpaka akubali. Lakini hizo zitakuwa Ijumaa za mwakani, ambazo ni zake tayari. Za mwaka huu bado ananidai, na sijajua nitazilipa kwa kitu gani.