Macho Mawili Kabla ya Jumatatu

Hasira ya Kitinda haikuanza siku kaka yake alipomletea lenzi ndefu kama mche wa sabuni. Ilianza Jumanne, daktari wa macho alipomwambia mama yao, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vifaa, kwamba jicho la kushoto litatolewa Jumatatu na ashukuru atabaki na moja. Mama alijifunika mtandio usoni kwa sababu taa ya kile chumba ilikuwa inamchoma, akashikwa mkono, wakatoka.

Mama alikuwa fundi cherehani, na si fundi wa juzi. Mwanzoni mwa mwaka sindano ilimkatikia kwenye pindo la suruali ya jinzi, kipande kikaruka, kikamwingia jicho la kushoto. Wakahangaika na dawa za matone miezi mitano. Badala ya jicho bovu kupona, likaanza kulivuta na lile zima. Mwanga wowote ukawa adui. Sasa mama alikuwa anashinda chumbani, pazia zito limefungwa mchana kutwa, na ni humo gizani tu alimoweza kufumbua macho yote mawili bila machozi kumtiririka.

Jioni ya Jumanne hiyo alimwita binti yake. Kitinda ndiye kitinda mimba wa nyumba ile, na jina likamganda hadi leo, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili.

"Si unajiita mpiga picha wewe?" mama alimwuliza. "Basi nipige moja, macho yangu yote mawili yakiwa wazi. Sina hata moja."

Na kweli hakuwa nayo. Hapo hasira ikapata pa kukaa. Miaka kumi na moja Kitinda alikuwa anawapiga picha mama za watu, mama za maharusi, mama za wahitimu, wametulia, wamependeza. Mama yake mwenyewe kila alipompiga, flashi ilipowaka tu, alifumba macho na kukunja uso kama aliyemeza kwinini. Picha zote za nyumbani mama yuko hivyo. Familia nzima ilizicheka, na Kitinda akacheka nao meno yote nje. Miaka yote hiyo hakuona sababu ya kuizima ile flashi na kumsubiri mama yake afumbue macho. Akijikumbuka sasa alitamani kujizaba kibao.

Jumatano alijaribu bila flashi. Lenzi iliyokuja na kamera ilikuwa na tundu jembamba, na chumba kile kilikuwa giza. Ili ipate mwanga wa kutosha ilibidi kamera ikodoe macho muda mrefu, na mama hakuweza kutulia kwa maumivu. Picha ikatoka chengachenga tupu, uso umefutika kama uliopitishwa kitambaa.

Dawa yake aliijua. Kuna lenzi fupi, nyepesi, ya milimita hamsini. Haivuti mbali wala karibu. Ukitaka kusogea, sogea kwa miguu yako. Lakini tundu lake linafunguka hadi moja nukta nane, linakusanya mwanga mara nyingi kuliko ile ya kwanza, na bei yake mtu wa kawaida anaweza akajikamua akaipata. Iko ya thelathini na tano, ambayo ingekifaa zaidi chumba kidogo, ila bei ya ile ingemtoa roho. Na mama alitaka uso, hakutaka kitanda. Hamsini ilitosha.

Ijumaa alikuwa na kazi ya vitambulisho, wanafunzi mia nne shule moja, hakuna kutoroka. Kaka yake alikuwa anaenda mjini kufuata bidhaa. Kitinda akampa pesa zake na karatasi: hamsini, moja nukta nane, basi. Herufi kubwa, kalamu nyekundu. Mtoto wa chekechea angeisoma.

Sasa kaka mtu ana duka la saruji na nondo. Kwake kitu kizuri ni kizito, kwisha habari. Alipofika dukani akashika ile fupi mkono huu na ndefu mkono huu, akapima, akaona wazi kwamba mdogo wake anataka kuibiwa.

"Nimekuokoa," alisema Ijumaa jioni, akaweka boksi mezani. "Na nimeongeza hela yangu mfukoni. Ile uliyoandika ni kidude tu, kama kizibo. Hii shika mwenyewe."

Kitinda alishika. Akasoma namba ubavuni. Nne hadi tano nukta sita.

"Kaka, niliandika moja nukta nane."

"Nimekuletea tano. Tano na moja ipi kubwa?"

"Kwenye lenzi namba ikiwa ndogo, tundu ndilo kubwa. Hii ni kipofu kuliko niliyonayo."

"Namba ndogo ndiyo kubwa," kaka alirudia taratibu, akiwatazama watu wasiokuwepo. "Haya. Hata asante hakuna."

Kitinda alijifungia chumbani kwake. Angebaki pale angesema maneno ambayo ndugu wa tumbo moja hawasemezani. Kilichomkera zaidi ni kwamba jamaa alikuwa na nia njema. Mwizi unamshika shati, lakini mtu wa nia njema utamshika wapi?

Jumamosi alikuwa wa kwanza mlangoni mwa duka la kamera. Muuzaji alilitazama boksi, akamtazama na yeye, akajua ana haraka.

"Mali ikishatoka hairudi, dada. Na za hamsini mpya zimekwisha. Ninayo moja iliyokwishatumika, ina vumbi kidogo ndani."

"Ilete."

Aliipokea na kuikagua kama anayemkagua ng'ombe mnadani. Akaielekeza kwenye balbu: vumbi lipo, lakini ukungu wa fangasi hakuna, na vumbi kidogo halina ubaya. Akazungusha pete ya kulenga, ikaenda laini. Akaifunga kwenye kamera, akaomba kuingia stoo ambako taa ilikuwa imezimwa, akapiga maboksi ya rafu ya chini. Maandishi yalisomeka. Muuzaji alichukua ile ndefu ya pesa nyingi, akatoa hii kuukuu na hela ya soda juu yake, na bado akataka kushukuriwa. Kila mtu mji ule alitaka kushukuriwa.

Mchana ule ule alikuwa chumbani kwa mama. Akamkalisha ukingoni mwa kitanda, akafungua pazia kiasi cha vidole viwili, mwanga ukapita pembeni, mbali na uso. Kaka mtu alisimama mlangoni, amekunja mikono.

"Fungueni dirisha basi. Gizani hapo mtaona nini?"

"Kaka, toka."

"Mimi nasaidia."

"Toka nje."

Akatoka, akisonya. Mama alikuwa ameinamisha kichwa.

"Kila anayeingia humu ananiambia nishukuru," alisema. "Daktari, majirani, kaka yako. Mimi sishukuru. Jicho ni langu. Nimetunga nalo uzi miaka thelathini na nne, leo mtu aniambie nishukuru."

"Usishukuru, mama. Wala usicheke. Nitazame tu."

Mama akainua uso na kufumbua macho, yote mawili, makavu, yamejaa hasira. Kitinda alijisogeza karibu hadi goti likagusa goti. Kwa ukaribu ule, tundu likiwa wazi kabisa, kamera inaweza kushika kitu kimoja tu. Mama alikuwa amegeuza uso kidogo, macho hayakuwa mstari mmoja. Jicho moja litatoka safi, la pili litapotelea kwenye ukungu. Ilibidi achague. Alichagua upesi, akapiga mara tatu.

Akapunguza mwanga wa kioo cha kamera, akamsogezea mama. Mama aliziangalia zote tatu, moja baada ya nyingine. Mwisho akamwita mwanawe wa kiume aje aone.

Kaka mtu alikuja, akaipokea kamera, mkono ukaipima kwa mazoea. Akainama. Akaguna.

"Haya, mmeona? Jicho la kushoto limetoka vizuri, hili zima limekuwa ukungu mtupu. Kuukuu ni kuukuu. Si nilisema?"

Kitinda alifungua mdomo, na yote ya tangu Ijumaa yalikuwa tayari yamefika kooni. Mama alimtangulia.

"Hilo la ukungu ndilo ninalobaki nalo," alisema. "Utaliona Jumanne, utaliona na mwakani. Nyamaza, litazame hili linaloondoka."

Kaka mtu aliishika kamera kwa mikono miwili, akatazama.