Sura ya Mtu Mwingine kwenye Kadi

Verlin Haskett alipofika kwenye uzio wa uwanja wa besiboli, mbele ya benchi la timu ya wageni, hakuwa na hamu tena ya kusimama. Goti lilikuwa limevimba tangu asubuhi, na jua la Agosti la Iowa lilimchoma shingo. Lakini anayechelewa husimama nyuma, na siku ile hakutaka kupitwa na mtu.

Alikuwa fundi mstaafu wa mabasi ya shule. Tangu ujana alikusanya kadi za wachezaji wa besiboli zenye saini zao, wa ligi kuu na wa ligi ndogo. Mkewe alipougua, Verlin aliziuza za ligi kuu. Alibakiza alizozipenda zaidi: seti ya mwaka 1986 ya Millers, timu ya mji wao, vijana ambao karibu wote hawakufika popote. Kila mmoja alitia saini kwa wino wa bluu juu ya picha yake, isipokuwa mrushaji mpira mmoja, Ray Dufresne.

Verlin alikuwa amemtumia kadi kwa posta mara tatu, na ndani bahasha ya kujibia yenye stempu. Mara zote ilirudi bila saini. Sasa Dufresne alikuwa kocha wa warushaji wa timu ya wageni, na gazeti lilisema anastaafu msimu ukiisha. Ilikuwa leo au basi.

"Huyo hatii saini," alisema Lorna Petrak, mjane aliyekusanya kadi pamoja naye pale uzioni miaka yote, huku akitafuna soseji. "Kapumzike, mzee."

"Nitapumzika kaburini."

"Kwa mwendo huo hata huko utachelewa."

Dufresne alitoka na ndoo ya mipira, masharubu yamejaa mvi. Verlin alimwita kwa adabu, akampa kadi na kalamu iliyokwisha kufunguliwa, kama ilivyo desturi, ili asimpotezee muda. Kocha aliitazama kadi akashusha pumzi, kama mtu aliyeulizwa swali lile lile kwa mara ya mia.

"Unataka nitie saini kwenye uso wa nani?"

Verlin alidhani anataniwa.

"Mimi narusha kwa mkono wa kulia," alisema Dufresne. "Tazama huyu kavaa glavu mkono gani."

Kijana wa pichani alikuwa ameivaa mkono wa kulia, kama wavaavyo wanaorusha kwa kushoto. Verlin aliiinamia kadi aliyoishi nayo zaidi ya miaka thelathini. Alizijua pembe zake, weupe wa kingo zake, na mahali ambapo wino ungekaa vizuri. Sura hakuwahi kuitazama. Wakusanyaji ndivyo walivyo: husoma jina, hukagua pembe, basi. Tena mwaka ule vijana wote walifuga masharubu.

"Huyo ni Ostrander, mrushaji mwenzangu. Waliochapa walichanganya picha zetu, yake kwangu, yangu kwake," alisema kocha. Dufresne mwenyewe aliachwa na timu mwezi ule ule kadi zilipotoka, wala hakuchapiwa nyingine. "Mama alinunua seti nzima. Akaniuliza, huyu nani?"

Lorna aliacha kutafuna.

Verlin alifungua albamu, akaitoa kadi ya Ostrander. Kijana mwembamba, glavu mkono wa kushoto, anacheka kitu kisichoonekana pichani. Kifuani pake saini ya Ostrander, ambaye alitia bila kutaja kwamba sura si yake, na ambaye sasa ni marehemu.

Kocha aliishika kwa muda mrefu. Alisema mama yake yu hai bado, kwenye nyumba ya wazee kule Louisiana; seti yake ilipotea katika mafuriko. Kisha, bila kuinua macho, akaomba aichukue ampelekee. Ile yenye jina lake angeitia saini, hata kama sura si yake.

Saini ya marehemu haipatikani tena. Akikubali, pengo katika seti litahama tu, kutoka kwa Dufresne hadi kwa Ostrander. Akikataa, litabaki pale pale. Verlin aligundua kwamba hana nguvu ya kubishana na mtu yeyote, hata na nafsi yake.

"Chukua, kocha."

Dufresne alitia saini taratibu, jina zima, kwenye kifua cha mwenzake. Ile nyingine akaitia mfukoni, akaenda na ndoo yake.

"Umempa ya marehemu," alisema Lorna.

"Nimempa yake."

Lorna akauliza atafanya nini na seti sasa. Verlin alijibu kwamba hajui, na kwamba kwanza anataka kukaa.