Kuku wa Kumwamuru Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa nyumbani. Kutoka kwangu, mtaa wa Mususa, mpaka sokoni, kwangu hiyo ni safari. Nikirudi, nalala kidogo. Kwa hiyo mke wangu aliponiambia nitakuwa nikienda Beni kila Jumamosi kucheza karata, nilidhani ananitania.

"Papa hakulake tena," alisema. "Tangu mwenzake wa karte ahamie Goma kwa binti yake, anaikala tu, anaangalia ukuta. Balibakia batatu. Bridge, ile karte yabo, inaomba batu bane."

"Na miye?"

"Njo weye wa ine. Samedi yote unalalaka tu."

Baba mkwe alifundishwa bridge na mapadri, alipokuwa mwalimu kijana. Alinitumia cahier, daftari lenye sheria zote, nami nilimaliza sekondari, nikaisoma kitandani kama mtu wa diplôme. Wanacheza wawili dhidi ya wawili, wenza wakitazamana. Kila mzunguko kila mmoja anaweka karata moja, kubwa inakula nyingine, na mkono ulioshinda ndio unaoanza mzunguko unaofuata. Wanashindana kutangaza watachukua mizunguko mingapi. Upande ulioahidi zaidi, mmoja anacheza. Mwenzake analaza karata zake zote wazi mezani na kunyamaza, na yule anayecheza anamwamuru: weka hii, weka ile. Niliona ni rahisi. Cahier haikusema anayenyamaza anaweza kuwa baba mkwe.

Jumamosi ya kwanza tulicheza dhidi ya Hadji, mzee aliyeendesha malori miaka mingi, na mama mmoja muuguzi mstaafu. Nilitangaza kwa kiburi, ahadi yangu ikazidi yao, nikawa ndiye wa kucheza. Baba mkwe akalaza karata zake, akakunja mikono, akaningoja.

Kwetu mkwe hamwamuru baba mkwe. Miaka kumi na moja ya ndoa, sijawahi kumwomba hata maji.

"Baba," nilisema, "kama haikusumbue, na kama uko na nafasi, nilikuwa naomba ile as ya pique…"

Hadji akaweka karata zake chini. "Huyu anaomba karte ao anaomba bibi ya pili?"

Hilo lilikuwa dogo. Baadaye nilimbembeleza aweke dame ya trèfle, yaani malkia wa pau, trèfle yake ya pekee. Mimi nilikuwa na mfalme, na nyuma ya mfalme trèfle nyingine nzuri zimepanga foleni. Nilipaswa kuila dame ile kwa mfalme, zamu irudi kwangu, nizivune zote. Mtoto angeliona hilo. Lakini kumla dame baba mkwe, na yeye ananitazama! Nikatupa mbili ya trèfle. Dame ikashinda, zamu ikabaki kwake, trèfle zangu zikafia mkononi.

"Kwa nini haukuikula?"

"Ilikuwa yako, Baba."

"Donc unaniheshimu mpaka nashindwa?"

Akakusanya karata, akazifunga kwa mpira, akazirudisha ndani ya kopo la biskuti. "Hapana. Tuache tu." Akageuza kiti kuelekea ukuta. Ukuta ule ule nilioletwa kupambana nao.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akashika meza. Kisha akapangusa macho. "Akiacha karte, ataacha na kula kabisa." Akafikiri. "Ulipokuja kwetu mara ya kwanza, haukuweza kula mbele ya mama mpaka ulete kuku. Haya ni ile ile, na dawa ni ile ile."

Basi Jumamosi iliyofuata nilipanda gari na kuku mapajani. Naye hakutaka kutoka nyumbani. Tulielewana sana njiani.

Niliinama mbele ya baba mkwe, nikamtolea kuku kwa mikono miwili. "Baba, naomba ruhusa ya kukuamuru. Pa meza tu."

Alimpapasa kifua kama mtu wa douane anayekagua mizigo mpakani. "Iko mwepesi," alisema. Akamgeuza upande wa pili. "Mais itafaa." Akafungua kopo.

Safari hii shida ilikuwa dame ya cœur, malkia wa kopa. "DAME!" nilipiga kelele.

"Polepole, mukwe," alisema mama muuguzi, akipangusa chai iliyomwagika. "Hatuko viziwi."

Dame ikaja. Nikaila kwa as, karata kubwa kuliko zote. Dunia haikupasuka. Tulitimiza ahadi yetu na mzunguko mmoja wa ziada, na baba mkwe akapiga meza hadi vikombe vikaruka.

"Samedi yenye kuya, saa munane," aliwaambia wenzake. Mimi hakuniuliza. "Mukuye mapema."

Kisha tukakaa kula, ugali na yule kuku akiwa katikati. Mzee alikula, akaongeza, akanyonya mfupa. Nilimtazama kwa furaha, nikiwa bado nimelewa madaraka.

"Baba, lete chumvi."

Hadji aliacha kutafuna. Baba mkwe akamaliza kipande chake taratibu, akajipangusa vidole.

"Ile kuku ilikuwa ya karte," alisema. "Kwa chumvi, utaleta mbuzi."

Nilikula bila chumvi.